Mheshimiwa, kile kiboksi cha kadi kiko wapi?

Kwako Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya,

Shikamoo. Mimi ni mama mwanika dagaa kwenye mwalo mmoja wa huku kwako, mkoani Mwanza. Ulipokuja na msafara wa magari tulikukaangia sato chini ya mwembe, nadhani hujasahau. Sisi hatujasahau.

Siku ile ulikuja na kijana mtaalamu mwenye kiboksi cha kadi ndogo, kila moja ina vidoti viwili, cheupe na chekundu. Alidondosha maji ya kijito chetu kwenye kile cheupe, akasubiri dakika 10, akaikunja vidoti vikutane, akanipa niibane kwa vidole dakika 3 ipate joto la mwili. Nilipoifungua, cheupe kilikuwa bluu. Nikapiga ukelele! Kumbe bluu ndiyo heri. Akatueleza kwamba kile cheupe kina kimeng'enya kama kilichomo kwenye mishipa yetu ya fahamu. Maji yakiwa na dawa za kuua wadudu za jamii ya organofosfeti au kabamati, kimeng'enya kinazimwa, rangi haitoki. Kikibaki cheupe, msinywe.

Ukasimama, ukaahidi kiboksi kitabaki ofisi ya BMU, kile kikundi chetu cha kusimamia uvuvi hapa mwaloni, na vingine vitaletwa kila msimu. Vigelegele. Kisha kiboksi kikapanda gari lako, kikaondoka nawe. Huu ni msimu wa tatu. Wabeja sana, yaani asante sana.

Jumanne iliyopita mvua kubwa ilinyesha usiku. Asubuhi, pale kijito kinapoingia ziwani, furu na sato wachanga walikuwa wameelea matumbo juu kwenye magugu maji. Bata wangu sita waliwala. Jioni nikachimba shimo moja, nikawafukia wote sita.

Mimi nasema ni bustani za nyanya za bondeni, maana vijana wakishapiga dawa wanasuuzia mabomba mlemle kijitoni. Jirani yangu anasema ni mashamba ya pamba huko juu. Wengine wanawanyooshea kidole wavuvi wa sumu, na hilo si geni: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya si ulifungia samaki wa ziwa hili kwa hofu hiyohiyo? Kadi ingetupa angalau nusu ya jibu. Nasema nusu kwa sababu yule kijana hakutudanganya: thiodani, ile dawa ya zamani ya pamba, kadi hizo haziioni.

Tulijaza maji chupa mbili, tukaambiwa zitakwenda maabara. Jana nimezikuta nyuma ya mlango wa ofisi ya kata, jua linazipiga. Dawa hizi nyingine huvunjika zenyewe zikikaa kwenye maji, tena kwenye joto ndiyo haraka. Zikifika huko zitakutwa safi kama maji ya baraka, halafu tutaitwa wazushi.

Na dagaa wangu, Mheshimiwa! Wamevuliwa kwa taa kilindini, hata harufu ya kijito hawaijui. Wanunuzi wa Kirumba wananiuliza, "Hawa si wa kule kwenye sumu?" Magunia manne yamelala ndani. Mkopo wa kikoba unaiva Ijumaa, na ada ya mtoto sijaigusa. Niwajibu nini hao wanunuzi? Niape?

Barua mbili nimeshakuletea, muhuri wa kupokelewa ninao. Nikaambiwa "wataalamu watakuja". Sitaki semina, sitaki posho ya kikao wala soda. Nataka kadi. Maji nitachota mwenyewe, dakika nitahesabu mwenyewe, vidole ninavyo.

Kiboksi kimoja tu. Ila kama kile cha siku ile bado kiko kwenye buti la gari, hicho usitushushie. Kijana alisema zikikaa kwenye joto zinakufa. Tuletee kingine.

Wako mtiifu,
Mama wa vichanja, mwaloni