YAH: Seva yenye saa isiyoaminika, na nilivyodhalilishwa kwenye kaunta yenu

Moshi
Kwa Meneja wa Tawi, Arusha

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya dhamana mnayajua, na seva hii yenye prosesa mbili ina miezi mitano tu.

Kila siku kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, hutangaza kwamba TSC, kihesabio cha muda kilicho ndani ya prosesa, si cha kuaminika, kisha huhamia HPET, kihesabio kingine kilicho nje ya prosesa. Saa haipotei, lakini kusoma HPET ni kazi nzito mara nyingi zaidi, na mfumo wetu wa mauzo huuliza saa bila kukoma. Mashine inatambaa, foleni inafika barabarani. Kerneli yenyewe imeandika kuwa ni hitilafu ya BIOS, programu inayoiwasha mashine: thamani za TSC_ADJUST, yaani za kurekebisha TSC, hazilingani kati ya prosesa. BIOS hiyo ilikuja na mashine yenu.

Jumanne nilipanda basi alfajiri na karatasi zote nilizochapisha. Kijana wenu alizipokea, akazikunja bila kusoma hata mstari mmoja, akaziweka chini ya kikombe chake cha chai. Kisha akasema, wateja wakisikia: "Mama, badilisha betri ya saa tu." Watu wakacheka.

Betri ile hutunza RTC, saa ndogo ya ndani, wakati mashine imezimwa. Kerneli huisoma saa hiyo inapowaka, halafu huhesabu muda yenyewe. Hitilafu yangu hutokea mashine ikiwa kazini! Anayeuza seva na hajui hili anauza nini?

Tena, kabla ya safari hiyo, fundi wenu aliniambia kwa simu niongeze tsc=reliable, amri ya kuwashia inayoiambia kerneli iiamini TSC bila kuikagua. Nikafanya, kwa kuwaamini. Kumbe ni kumwambia mlinzi afumbe macho. Saa ilibaki mbovu vilevile. Risiti zikatoka na muda uliorudi nyuma, malipo yakitangulia oda. Nilikesha nikipanga hesabu kwa mkono, na asubuhi mwenye duka akaniuliza kama kuna mtu anaiba. Nikaiondoa amri hiyo.

Naomba basi BIOS iliyosahihishwa, au mazabodi (ubao mkuu wa mashine) nyingine, ndani ya siku 14.

Lakini siwezi kufunga barua bila kurudi kwenye ile kaunta. Nilisimama pale na ushahidi mkononi, mwanamke aliyeshughulika na seva miaka mingi, na kijana umri wa mwanangu akaufanya kiwekeo cha kikombe. Hakuuliza swali hata moja. Nilimwonyesha kwa kidole neno TSC, akanitazama usoni badala ya karatasi. "Betri, mama." Mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba sisikii. Meneja, ulikuwa ofisini, mlango wazi.

Kwa hiyo mazabodi haitoshi tena. Nataka seva nyingine iliyopimwa mbele yangu, nauli yangu, na barua ya kuomba radhi yenye saini yako. Wala si siku 14, ni siku 7. Zikipita nadai fedha zangu zote, na shauri hili nalipeleka Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Na karatasi zangu mnirudishie. Zilikuwa tisa.

Mteja wenu,
Moshi