Mwanangu, mzigo wa mbao utachelewa

Mafinga

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umepata eneo la kufungulia stoo ya mbao huko Dar es Salaam, na kwamba unataka mzigo wa kwanza mara tu utakapotoka msumenoni. Mzigo huo nitauchelewesha, nawe unastahili kujua sababu.

Msindano (paini) uliopasuliwa leo hubeba maji ambayo pengine huzidi uzito wa ubao wenyewe ukishakauka. Maji hayo yakipungua hadi kama asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, umbo la ubao bado halijabadilika; chini ya hapo ndipo unapoanza kusinyaa, kupinda na kupasuka ncha. Kwa hiyo ubao mbichi hupendeza siku ya kuuzwa, kisha hujikunja ukiwa umeshapigiliwa kwenye paa la mteja. Niliwahi kumuuzia fundi mmoja mbao za milango zikiwa na unyevu, na baada ya miezi mitatu milango ile haikufungika. Nilimrudishia fedha zake zote, lakini hakununua kwangu tena, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Usiridhike na kuugonga ubao na kusikiliza mlio wake. Kata kipande mbali na ncha, kipime, kikaushe katika tanuri kwa nyuzijoto 103 mpaka uzito usipungue tena, halafu ukipime upya. Kikitoka gramu 575 na kubaki 500, maji yaliyotoka ni gramu 75; ukiyagawanya kwa 500, uzito mkavu, unyevu ni asilimia 15, nao unafaa kwa kenchi. Kwa samani ningetaka 12.

Mbao zako nimezipanga juu ya matofali, chini ya paa, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya inchi 1 vilivyonyooka mstari mmoja kutoka chini hadi juu, kwa sababu kijiti kikikaa kombo na ubao hukauka kombo. Zikikosa hewa huingiwa na ukungu wa buluu, ambao haupunguzi sana nguvu ya ubao, lakini mnunuzi huukataa.

Mbao zenye moyo wa mti, yaani kiini cha katikati kabisa ya shina, hasa wa miti michanga, nimezitenga kwa kuwa husokota. Hizo ziuze kwa bei ya chini kwa kazi ya kufungia zege, na umweleze mnunuzi wazi. Hati ya kusafirisha mazao ya misitu nitaishughulikia mwenyewe.

Gari litaondoka vipande vitatu vya majaribio vikishuka chini ya asilimia 18. Wakati huo uwe umeandaa matofali na vijiti, ili mbao ziendelee kukauka huko na zisilale sakafuni hata usiku mmoja.

Baba yako