Programu za simu kwenye laptopu ya Linux: pima kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wanaouza laptopu za mtumba hapa Tanga, na zaidi na wanaozinunua. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, mashine ambazo Windows 11 inazikataa zinafutwa na kuwekwa Ubuntu au Linux Mint. Hilo ni jema: mashine inakuwa nyepesi na haidai leseni. Ubaya ni ile nyongeza anayopewa mteja akiwa ameshafungua pochi, kwamba programu zote za simu zinaingia humo. Si zote, wala si kwa kila mashine, na mnunuzi anaweza kulijua hilo hapohapo kaunta.

Kinachosemwa hapo ni Waydroid. Si emuleta, yaani programu inayoigiza simu. Inaendesha Android nzima ndani ya kontena (chumba kilichotengwa ndani ya mfumo), juu ya keneli, yaani kiini, ileile ya Linux, ndiyo maana ni nyepesi na ndiyo maana ina masharti. Anayekuelekeza kwenye Anbox amepitwa na wakati, mradi huo umeshafungwa.

Anza na prosesa. Android ya biti 64 inataka prosesa yenye SSE4.2, seti ya maelekezo ambayo prosesa za zamani hazina. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika grep -m1 -o sse4_2 /proc/cpuinfo. Ikijibu sse4_2, endelea. Ikikaa kimya, kama Core 2 Duo zinavyokaa, Android ya biti 64 haitaendeshwa humo. Kisha tazama RAM: GB 4 itaburuza ukifungua na kivinjari pembeni, GB 8 ndiyo ya kufanyia kazi.

Sharti jingine ni Wayland, mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, unaochukua nafasi ya ule wa zamani wa X11 (Xorg). Andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ubuntu ikijibu x11, toka, na kabla ya kuandika nywila bonyeza alama ya gia uchague kikao cha Ubuntu kisicho cha Xorg. Mint yenye mazingira ya Cinnamon kwa kawaida huwaka na X11, kwa hiyo huko unaweka Weston, programu inayofungua dirisha la Wayland, kwa sudo apt install weston, unaifungua, na Waydroid unaiwasha ndani ya dirisha lake. Mashine zenye kadi ya NVIDIA na draiva ya kampuni ndizo zenye usumbufu: picha huishia kuchorwa na prosesa peke yake na kila kitu kinakwenda kwa kukokota. Ukiwa na hiari, chukua yenye picha za Intel au AMD.

Kuweka kwenyewe ni kazi fupi. Kwanza sudo apt install curl ca-certificates, halafu curl https://repo.waydro.id | sudo bash, halafu sudo apt install waydroid. Kisha sudo waydroid init kwa Android tupu, au sudo waydroid init -s GAPPS kama unataka Play Store. Hapo inashuka takribani gigabaiti moja au zaidi, basi nunua bando kabla. Ikikatika katikati, rudia amri uliyoichagua ukiongeza -f mwishoni. Baada ya hapo waydroid show-full-ui inakufungulia skrini ya simu. Play Store itagoma mwanzoni ikidai kifaa hakijathibitishwa. Dawa yake ni kuisajili namba ya kifaa kwenye google.com/android/uncertified, kusubiri kidogo, na kuiwasha Waydroid upya.

Ikiwaka lakini haina intaneti, usiilaumu laini. Mara nyingi ni ukuta wa moto wa Linux unaoizuia kontena. Amri tatu zinatosha: sudo ufw allow 53, sudo ufw allow 67, sudo ufw default allow FORWARD.

Sasa penye lawama nyingi: programu inakataa kuingia na hakuna anayejua kwa nini. Faili la APK, ambalo ndilo la kuwekea programu ya Android, ni zipu tu. Lifungue kwa programu ya kufungulia zipu utazame folda ya lib. Ikiwa lib haipo kabisa, programu hiyo haijali prosesa, na kwa upande huo huna wasiwasi. Ukikuta ndani yake x86_64, pia uko salama. Lakini ukikuta armeabi-v7a na arm64-v8a peke yake, imeandikiwa prosesa za simu, na laptopu ya Intel au AMD haiielewi bila mkalimani. Ukiiweka hivyohivyo utapata kosa la INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS, na Play Store itakwambia tu kwamba kifaa chako hakifai. Mkalimani huyo huongezwa kwa skripti ya waydroid_script: libhoudini kwa Intel, libndk kwa AMD. Hata hapo, baadhi ya magemu hufunguka yakafa.

Programu za benki na za pesa za mitandao ziache kwenye simu. Nyingi hukagua kama kifaa ni halali, na Waydroid haipiti ukaguzi huo. Haina laini wala PIN ya laini. Anayekuuzia APK “iliyorekebishwa” ili ipite anakuomba umkabidhi namba yako ya siri. WhatsApp nayo haihitaji shida yote hii, maana web.whatsapp.com inafunguka kwenye kivinjari cha laptopu. Simu yako tu isikae siku zaidi ya 14 bila kutumika.

Kwa mwenye mashine dhaifu, njia bora ni scrcpy: programu inabaki inaendeshwa na simu, laptopu inaonyesha skrini na kupokea kibodi na kipanya. Kwenye simu fungua mipangilio, nenda kuhusu simu, gusa mstari wa Build number mara saba, kisha ingia Developer options uwashe USB debugging. Kwenye Redmi kuna swichi ya pili chini yake ya Security settings. Usipoiwasha utaona picha lakini kipanya hakitagusa kitu. Kwenye laptopu, sudo apt install scrcpy, kisha scrcpy -m 1024 -b 2M. Ukiandika adb devices ukaona orodha tupu, badilisha waya kwanza, kwani nyaya nyingi za bei rahisi huchaji tu. Ukiona unauthorized, kubali ombi lililotokea kwenye simu. Sauti ilianza toleo la 2.0, kwa simu za Android 11 kwenda juu. Kurasa za benki huonekana nyeusi kwenye laptopu, na hilo si hitilafu: programu yenyewe inazuia skrini isinakiliwe. Kwenye kompyuta ya steshenari usiweke tiki ya kuiruhusu daima, na ukimaliza zima USB debugging.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Mteja akitaja programu anayoitaka, iwasheni palepale dukani kwenye mashine ileile anayoondoka nayo. Ikigoma, iandikwe kwenye risiti kwamba haifanyi kazi, na bei ishuke kulingana na hilo.

Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga