Anzia chooni, Mama Neema

Moshi, Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Habari za Arusha na baridi yake? Sisi wazima. Tangu uniambie mmepewa kazi ya kuchora wodi ya wagonjwa wa mazoezi ya viungo, nimekuwa na neno moyoni. Wiki sita za kumuuguza baba baada ya kiharusi zimenionyesha mengi.

Anzia chooni. Tulikolazwa kulikuwa na kishikio kimoja tu, upande wa kulia, na mkono wa baba uliopooza ndio huo wa kulia. Ikabidi nimkumbatie kumnyanyua, mzee aliyenilea, naye anageuza uso ili tusitazamane. Tafadhali, weka vishikio pande zote mbili, vikamate tofali au zege na si tailizi tupu, maana mtu mzima ataning'inia hapo kwa uzito wake wote. Mlango ufungukie nje. Mgonjwa akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia, nawe uko nje unamsikia akiita.

Upana wa mlango usipungue sentimita 90, na ndani ibaki mita moja na nusu kiti cha magurudumu kigeukie. Kizingiti ondoa kabisa. Penye ngazi, kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za mteremko. Kingazi cha sentimita 15 tu kinataka sentimita 180. Watakuambia nafasi ni finyu. Usikubali.

Sakafu ising'ae. Baba aliona mng'ao akadhani maji, akagoma kukanyaga.

Halafu, kabla hujachora dari, lala chali kitandani nusu saa. Baba alishinda na taa ndefu nyeupe machoni, na shingo kuigeuza hawezi. Alvar Aalto, msanifu majengo wa Ufini, aliliwaza hilo zamani: katika hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, iliyokamilika 1933, alipaka dari za vyumba rangi ya kijani tulivu, na taa akazificha macho ya aliyelala.

Dirisha nalo lishuke. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo: waliotazama miti walitoka mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, tena walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Baba kitandani aliona kipande cha anga tu, na Kibo iko palepale nyuma ya ukuta! Siku tulipomsukuma hadi varandani alfajiri, mawingu hayajaufunika mlima, alitazama kimya, kisha akaomba tumsimamishe. Ninyi mna Meru. Usimnyime mgonjwa mlima kwa mistari mitatu ya tofali.

Baba anakusalimu sana. Jana amefika kwenye migomba na kurudi, kwa fimbo yake. Mchoro wa choo nitumie kabla hamjapandisha kuta, nimwonyeshe yeye. Ataona nisiyoyaona mimi.

Wako,
Mama Upendo