Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: ile harufu ya silikoni yetu

Wanachama wenzangu, habari zenu. Mambo ya ada na akaunti mweka hazina atawaeleza, mimi nataka tuongee ile harufu.

Mnajua vile tuliteseka mwanzo wa mwaka. Silikoni ya seramu ya nywele inatoka reakta, ile tangi yetu ya kupikia, ikiwa safi kama maji, kesho yake ukifungua inanuka kama siki iliyolala, ukiipaka mkononi ndio inapanda zaidi, na mama mmoja wa saluni kule Kariokor akaturudishia chupa zote, hakupiga kelele, alizipanga tu mezani akaenda. Iliniuma sana. Wengine mkasema tuongeze pafyumu. Nilikataa na bado nakataa, watu wanapaka kichwani hii kitu, na pafyumu ikiisha harufu iko palepale.

D4, yaani ile silikoni ya molekuli za umbo la pete tunayoanzia kazi, tuliinusa, haikua na shida. Tukachukua ule udongo wa bentonaiti uliotiwa asidi, kichocheo chetu cha kufungua pete za D4 ziungane ziwe minyororo mirefu, ndio silikoni yenyewe, tukaupasha kwenye oveni, chumba kizima kikanuka. Kumbe ni hapo.

Saa hii udongo unaoshwa kwanza na maji yasiyo na chumvi, lakini si kupita kiasi, kwa sababu asidi iliyoshikana na udongo ndio inafanya kazi, tunatoa tu ile ya ziada. Halafu oveni nyuzi 110 mpaka uzito usimame, usipungue tena, maana maji yakibaki yanaharibu ncha za minyororo. Bachi inachelewa, ni kweli, wa zamu ya usiku nimewasikia, ila kwa hili sirudi nyuma.

Na kuchuja udongo kwa filta ni kabla ya vakiumu, ile pampu ya kunyonya hewa! Hata bachi ikiiva, karibu asilimia 10 hadi 15 hubaki pete, tunazitoa kwa moto na vakiumu, sasa ukipasha udongo ukiwa ndani minyororo inakatika inakua pete tena. Bachi moja iliharibika hivyo, mimi ndiye nilisema tuharakishe, nisameheni. Wanaotaka kuuza Ulaya wajue tangu 2020 vipodozi vya kusuuza, kama shampuu, vyenye D4 asilimia 0.1 au zaidi haviruhusiwi.

Julai pia inakuja. D4 inaganda karibu nyuzi 17.5, na asubuhi za Nairobi mnazijua, pipa linakua gumu kama kimbo. Liwekwe chumba chenye joto tangu jioni, jiko lisikaribie, D4 inashika moto. Sampuli mpya ziko ofisini, kujeni mnuse wenyewe.