Presha si mwendo wa damu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninalolifundisha kila mwaka katika somo la fizikia, na ambalo nje ya darasa bado linapotoshwa, wakati mwingine hata na wanaoshika mashine ya kupimia. Hapa Tabora mtu akiambiwa ana presha, jirani zake husema damu yake "inakimbia". Sivyo. Shinikizo la damu ni msukumo wa damu kwenye kuta za mshipa. Mara nyingi moyo wa mgonjwa wa presha husukuma kiasi kilekile anachosukuma mtu mwenye afya, yaani lita 5 hivi kwa dakika akiwa amepumzika. Kilichobadilika ni kwamba ateri ndogondogo, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, zimebana, na moyo unalazimika kutumia nguvu zaidi ili kiasi hicho kipite.

Kubana kidogo tu kunatosha kuleta taabu kubwa, na hapo ndipo wanafunzi wangu hushtuka. Katika karne ya 19 daktari Mfaransa, Jean Poiseuille, alipitisha vimiminika katika vijibomba vyembamba vya kioo, akaona kwamba msukumo ukibaki uleule, kinachopita hufuata kipeo cha nne cha kipenyo. Kijibomba kikipungua upana kwa nusu, kinachopita hakiwi nusu wala robo, bali sehemu moja ya 16. Mshipa wa mtu si kioo, kwa kuwa unatanuka na kusinyaa, na damu imejaa chembe, kwa hiyo hesabu haikai sawasawa kama ubaoni. Lakini mwelekeo ni huohuo. Unene wa kimiminika nao una sehemu yake, kama anavyojua kila muuza asali wa hapa kwetu aliyewahi kuinamisha dumu asubuhi ya baridi ya mwezi Juni akasubiri.

Kuhusu mwendo wenyewe, tuutazame Mto Malagarasi. Ukitawanyika katika maeneo oevu maji yake yanakwenda polepole mno, ingawa mto ni uleule. Damu nayo hutoka moyoni ikienda sentimita 20 au zaidi kwa sekunde, kisha hugawanyika katika mabilioni ya kapilari, yaani mishipa myembamba kuliko yote, ambazo upana wake ukijumlishwa unaupita kwa mbali ule wa mshipa mkuu, na humo hupita kwa chini ya milimita 1 kwa sekunde. Utulivu huo ndio unaoipa nafasi ya kuacha oksijeni na kuchukua uchafu.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Hivi karibuni nilimpeleka mama yangu kupimwa katika kituo kimoja cha afya. Aliketi kwenye benchi, mkono ukining'inia kando ya goti, na mashine ikaonyesha namba ya juu ya 152. Niliomba kwa heshima apumzike dakika chache, kisha nikauweka mkono wake juu ya meza, usawa wa kifua. Ikasoma 138. Bomba la bondeni hutoa maji kwa nguvu kuliko la mlimani, ingawa tangi ni moja, na mkono ulioshuka chini ya moyo ni bomba la bondeni: kila sentimita 10 za kushuka huongeza takriban milimita 8 za zebaki, yaani namba 8 kwenye mashine, ambazo si za ugonjwa. Sidai kwamba tofauti yote ya mama ilitokana na mkono, kwa sababu kupumzika nako hushusha presha, lakini kipimo cha kwanza kilimweka juu ya 140, mpaka unaotumika kusema mtu ana presha, na dawa ilikuwa tayari imeanza kuandikwa.

Nawaomba wanaosimamia vituo vyetu wahakikishe kila chumba cha kupimia kina meza ya kuegemeza mkono na kiti chenye mgongo, na wagonjwa waachwe wakae kimya dakika 5 kabla ya kufungwa mkanda. Na wewe msomaji, ukiona mkono wako unaning'inia, sema.

Mwalimu wa fizikia,
Tabora