Thanos: mapenzi au hesabu?

Wakuu habari za asubuhi, naona jana mlikesha mkibishana kama Thanos, yule mbabe wa komiki za Marvel, aliua kwa mapenzi au kwa hesabu, mpaka simu yangu ikaisha chaji. Tuelewane kwanza tunamjadili Thanos yupi, maana wengine mmeona muvi ya 2018 tu, Avengers: Infinity War, ile anasema rasilimali hazitoshi watu wapunguzwe, na wengine mnaongelea komiki ya Infinity Gauntlet ya 1991 iliyoandikwa na Jim Starlin, ambako jamaa kavaa glavu ya nguvu zote, anaalisha vidole mara moja nusu ya viumbe wanapotea kisa anamtaka Kifo, tena Kifo ni mdada kabisa kavaa joho na hamwongeleshi hata neno. Mi hapo ndo namuonea huruma, umeua nusu ya ulimwengu halafu bado demu kakununia 😂

Ila wa hesabu msinune, komiki ya Silver Surfer namba 34 ya 1990 inaonyesha Kifo ndo alimfufua kwa sababu walio hai wamezidi wote waliowahi kufa, so hesabu ilikuwepo ila ya bibie, jamaa kaigeuza posa.

Krosova, yaani hadithi kusambaa hadi kwenye komiki za mashujaa wengine, isiwatishe, soma vile vitabu sita vya Infinity Gauntlet tu, vya pembeni ruka kama una haraka. Jumamosi saa mbili usiku swali ni moja, Nebula, yule anayejiita mjukuu wa Thanos, alimpora ile glavu kwa sababu ya uzembe wa Thanos mwenyewe, au Adam Warlock, shujaa anayepambana naye, alikuwa sahihi kwamba moyoni jamaa anajiona hastahili?

Na voisi zisizidi dakika moja jamani, kuna mtu jana katuma ya dakika nane nusu yake jogoo anawika.